Kabla ya Kumleta Mtoto Kupimwa Asidi Amino za Damu

Wazazi wanaotumwa na daktari kwetu kutoka Newala, Tandahimba na Masasi hufika Mtwara mjini baada ya safari ndefu, na kwa kawaida mtoto huwa amenyonya ndani ya basi mpaka stendi. Kwa vipimo vingi jambo hilo halina tatizo. Kwa kipimo cha asidi amino za damu lina tatizo, kwa sababu protini ya maziwa ikishasagwa tumboni huingia kwenye damu ikiwa asidi amino, na majibu yakaonyesha mlo badala ya ugonjwa.

Magonjwa yanayotafutwa ni ya kurithi, ambapo mtoto hukosa kimeng'enya, yaani protini ya mwili yenye kazi ya kuvunja asidi amino fulani. Katika ugonjwa wa fenilketonuria, asidi amino iitwayo fenilalanini hurundikana na kudhuru ubongo polepole. Upo ugonjwa mwingine, ambao mkojo hunukia kama sukari iliyoungua, unaoweza kumfanya kichanga aliyezaliwa mzima aache kunyonya, atapike, alegee na kupata degedege ndani ya siku chache, dalili ambazo ni rahisi kuzidhania kuwa za maambukizi katika damu. Kichanga wa namna hiyo asiletwe kwetu. Awahishwe hospitali, iwe Ligula au Sokoine kule Lindi.

Kwa mtoto aliyetulia, tunachukua damu muda mfupi kabla ya kunyonya tena, yaani baada ya kupita saa mbili hadi nne tangu anyonye. Tafadhali msimshindishe na njaa kwa kudhani kwamba mnatusaidia: mwili wenye njaa huvunja misuli yake, asidi amino hupanda vilevile, na kwa baadhi ya watoto hawa njaa ni hatari. Wala msimpunguzie vyakula vya protini siku za kabla ya kipimo, isipokuwa daktari ameagiza.

Kipimo chenyewe hatukifanyi hapa. Kazi yetu ni kutenganisha plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe zake, mapema, kwani damu ikikaa katika joto letu la pwani hubadilika, kisha kuigandisha na kuisafirisha kwenye maabara yenye mashine ya kipimo hiki. Asidi amino moja kupanda kidogo si lazima iwe ugonjwa, hivyo majibu husomwa na daktari, akiwa na orodha ya dawa na vyakula vya mtoto. Mwelezeni pia kama kuna ndugu wa mtoto aliyefariki akiwa mchanga, kwa kuwa wazazi wawili waliobeba kasoro ya kurithi inayoleta ugonjwa huo, ingawa wenyewe ni wazima, wana uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba.