Mbwa wa mitaani wana wenyewe

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu ya majuzi kuhusu mbwa wanaorandaranda viungani mwa Nairobi imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu amewaita "mbwa wasio na wenyewe" mara tano (nimehesabu), kana kwamba wanyama hao huota kama uyoga baada ya mvua. Wana wenyewe. Mmoja wao nambari yake ya simu ninayo.

Hapa Ongata Rongai jirani yangu alihama mwishoni mwa Agosti. Lori lilipakiwa tangu alfajiri: makochi, tangi la maji, vifuniko vya sufuria, hata kamba ya kuanikia nguo ilifunguliwa ikakunjwa vizuri. Bosko, aliyewalindia lango kwa miaka minne, alikaa kando akitikisa mkia, akingoja zamu yake ya kupandishwa. Lori lilipoondoka alilifuata hadi barabara ya lami, akarudi jioni akichechemea na kulala mbele ya mlango uliofungwa. Kwa siku 11 kila gari lililopunguza mwendo kichochoroni lilimwinua. Nilipompigia simu bwana huyo, mtu mzima mwenye kazi yake na tai yake, alinieleza kwamba sasa anaishi kwenye ghorofa, kwamba mwenye nyumba hataki wanyama, na kwamba mbwa "atazoea tu, mtaa ni mkubwa." Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtelekeza mnyama ateseke kuwa ni ukatili, lakini faini isiyozidi shilingi 3,000, pesa ambazo hazikodi hata lile lori, itamtisha nani?

Siku ya 12 nilimpeleka Bosko kwenye makao ya wanyama, baada ya dereva wa teksi kunitoza shilingi 300 zaidi kwa ajili ya manyoya. Vibanda vilikuwa vimejaa. Mhudumu hakunilaumu, aliuliza kama mbwa amechanjwa, akaandika, kisha akaniomba, kwa haya kidogo, nikirudi nimletee mablanketi makuukuu na magazeti ya zamani. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kimekuwapo nchini tangu mwaka 1910, na bado kazi hii inaendeshwa kwa michango ya wasamaria, ilhali manufaa ni yetu sote. Mkakati wa taifa wa mwaka 2014 unataka vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa vikomeshwe ifikapo mwaka 2030, na ili hilo liwezekane sharti mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Ni nani atakayemshika mbwa aliyetupwa ili adungwe sindano, ikiwa aliyemlea ameshindwa hata kumfungulia mlango wa lori?

Na hao wanaouza vilebu kando ya barabara, wakiwainua mbele ya vioo vya magari kwenye foleni, mbona taarifa yenu haikuwagusa? Bosko mwenyewe alinunuliwa hivyo, kwa ahadi kwamba ni wa jamii ya mbwa wa polisi. Watoto walilia, baba akalipa, na hakuna aliyeuliza habari za chanjo wala za kumhasi.

Pendekezo langu ni dogo. Mpangaji anapohama, mwenye nyumba hukagua balbu, vitasa na kila tundu la msumari ukutani kabla ya kurudisha amana. Basi na akague mbwa na paka pia, na asitoe hata senti mpaka aonyeshwe barua ya daktari wa mifugo, au ya makao, ikisema mnyama yuko wapi. Wenye nyumba wetu wakipewa sababu ya kukaa na amana ya mtu, watatekeleza sheria hii kwa bidii kuliko askari yeyote.

Nawe, Mhariri, una magazeti yasiyouzika. Yapeleke huko kila Jumatatu, kwani niliporudi na mablanketi wiki iliyopita, taarifa yenu ya mbwa wasio na wenyewe ilikuwa imetandikwa chini ya vilebu sita, na ilikuwa imelowa.

Mwalimu mstaafu,
Ongata Rongai