Edith nalo lina maana

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Juzi tumejaliwa mtoto wa kike hapa Kisauni tukamwita Edith, jina la nyanyangu mzaa mama, basi waliokuja kumwona mtoto wakaanza, ati jina la mkoloni hilo, halina hata maana, mbona msimpe jina la maana. Niliumia sana manake nyanya ndiye alonilea.

Edith ni Kiingereza cha kale kabisa na ni vipande viwili, ead yaani mali au heri, na gyth yaani vita. Heri na mapambano kwa mtoto mmoja, hapo kweli hakuna maana? Na hiyo ead ilikuwa inarithishwa nyumbani vile sisi tunavyorithisha, mfalme wao Edgar alikuwa na mtoto wa kiume Edward na binti Edith, huyo binti akawa mtawa huko Wilton na mpaka leo anahesabiwa mtakatifu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki, mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, wakaja na majina yao, kina William na Robert na Matilda, yale ya wenyeji yakawa ya kishamba. Kulikuwa na binti wa mfalme wa Uskoti, Edith, mamake ni wa ukoo wa wafalme wa Kiingereza. Mwaka 1100 akaolewa na Henry wa Kwanza, mfalme Mnormani wa Uingereza, na umalkia wake wote akajulikana kama Matilda! Na bado wakubwa wa Kinormani wakawa wanamcheka yeye na mumewe wanawaita Godric na Godgifu, majina ya wenyeji, kama tusi. Kwa hivyo hili jina mnaloliita la mtawala liliwahi kuwa la mtawaliwa, likadharauliwa hukohuko kwao na halikufa.

Sikatai, sisi tunaopita kengele ya Freretown kila siku, pale wamishenari walipowaweka watumwa walioachiliwa kuanzia 1875, tunajua majina ya ubatizo yalivyoingia, na wako ambao hawakuulizwa wanataka kuitwa nani. Hilo linauma na lisemwe. Ila nyanya hili lilikuwa lake. Alilikwaruza kwa msumari chini ya sufuria zake zote, EDITHI, na i mwisho vile alivyokuwa akilitamka, ili zikiazimwa matangani zirudi kwake. Moja ninayo mimi, ile kubwa ya wali, D imeangalia nyuma, masizi yakijaa huoni kitu lakini ukisugua na jivu jina linatokea zima.

Mtoto nyumbani anaitwa Kadzo, kanisani na shuleni ataitwa Edith, yote mawili ni yake na sibadilishi. Wanaotaka kumwona karibuni, na mkiniuliza Edith alikuwa nani nitakaa niwahadithie.

Mama Kadzo,
Kisauni, Mombasa