Jeshi la Nusu Wanyama Lahitaji Mpango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenzangu wa Dar es Salaam wanaoanza kucheza vita vya sanamu ndogo mezani, hasa mchezo wa Warhammer: The Old World, uliotolewa mwaka 2024 na Games Workshop ya Uingereza, wasichague jeshi la nusu wanyama (Beastmen, viumbe wa kubuni walio nusu mtu, nusu mnyama) kwa kuvutiwa na pembe zao tu.

Jeshi hilo halina mizinga ya baruti, na wengi wa askari wake wana kinga hafifu, hivyo linaposimama mbali na adui huteketea bila kujibu ipasavyo. Waungori, nusu wanyama wadogo na dhaifu ambao ni wa bei nafuu, watangulie kama ngao. Wagori, walio wakubwa na wenye nguvu zaidi, wafuate kwa wingi. Na Waminotauri, majitu yenye vichwa vya fahali ambao kwangu ndio moyo wa jeshi, wazungukie ubavuni nyuma ya msitu. Magari ya vita yanayokokotwa na wanyama yana nguvu kubwa yanaposhambulia, lakini yakikwama katika mapigano marefu hupoteza thamani.

Kuhusu shambulio la kuvizia, kikosi kilichofichwa, yaani kisichowekwa mezani mwanzoni, huingia mezani kuanzia raundi ya pili, tena kwa kurusha kete. Mimi huficha kimoja tu, kwa kuwa nimeshashindwa vibaya kwenye mchezo mtaani Upanga nikisubiri viwili.

Mpenzi wa mchezo,
Dar es Salaam