Kidole cha kushoto

Mikindani, 14 Juni

Shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na watoto hapo Nachingwea. Mie mzima, ila macho ndiyo hivyo tena, presha ya macho hairudishi ilichochukua. Barua hii namtajia mpwa wangu anaiandika, ukikuta makosa lawama zake.

Umeniuliza nukta nundu, haya maandishi ya vipele tunayosoma kwa kidole sisi tusioona, nazisomaje. Taabu ya kwanza ilikuwa kidole. Si unakumbuka tulivyokuwa tukibangua korosho, mafuta ya maganda yakituunguza? Kidole changu cha shahada cha kulia kimekuwa sugu, nukta hakizisikii. Mwalimu wangu, naye haoni tangu utotoni, akanihamishia mkono wa kushoto. Hapo ndipo nikaanza kupata.

Kila herufi ina nafasi sita tu za nukta, safu mbili za tatu tatu. Lakini ukizigandia hazikwambii kitu. Kidole kikisimama zinafifia, mpaka kitembee. Halafu neno huliokoti zima kama zamani kwa macho, linakuja herufi kwa herufi. Nilikutana na "hawakumpikia": nafika kwenye "pik" nimeshasahau ni kina nani hao! Nililia, shoga. Sasa "hawaku" inaingia kwa mpigo mmoja, sihesabu tena herufi, kilichobaki ni kungoja kujua wamegoma kufanya nini.

Juzi nimeaibika. E na I zote zina nukta mbili za mshazari, moja imeelekea huku, mwenzake kule. Nikasoma kwa sauti: "Bibi alipanda kilema." Kilima, jamani! Mwalimu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Yeye katusimulia kisa walichoandika madaktari mwaka 2000. Mwanamke asiyeona tangu kuzaliwa, msomaji hodari wa nukta nundu, alipata kiharusi kikampiga sehemu ya nyuma ya ubongo. Vidole vikabaki vizima, nukta akizigusa anazisikia, ila kusoma kukamtoka kabisa. Kumbe pale nyuma, ambapo kwa wenye kuona ni pa macho, kwake palikuwa pakisomea vidole. Tangu siku hiyo nikisoma, mkono wangu wa kulia najikuta umeshika kisogo. Mpwa wangu ananicheka.

Ukipata kalenda kuukuu, zile za karatasi gumu, nitunzie unitumie kwa mtu wa basi. Karatasi la daftari tukilitoboa nukta zinalala baada ya siku mbili.

Mie shoga yako.