Tiba ya muziki gerezani isisifiwe kabla ya kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tiba ya muziki kwa wafungwa, ambayo siku hizi husifiwa kuwa dawa ya kuwazuia wasirudi gerezani. Naiunga mkono tiba hiyo, kwani niliwahi kujitolea kusaidia vipindi vyake gerezani, lakini sifa hiyo imeutangulia ushahidi.

Utafiti uliofanyika katika gereza moja la Bergen, Norway, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwahusisha wafungwa 113, ila wengi wao walikaa humo muda mfupi hata vipindi walivyopata vikawa vya kuhesabika. Nchini China walishirikishwa wafungwa wanaume 200, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kuwa waliopata tiba kwa vikundi walipungukiwa na wasiwasi na sonona. Ni habari njema, lakini inahusu hali ya mtu akiwa bado ndani, si mwenendo wake miaka miwili baada ya kutoka.

Kupima kurudia uhalifu nako kuna mitego yake. Wapo wanaohesabu waliokamatwa tena, wapo wanaohesabu waliohukumiwa tena, na wengine waliofungwa tena tu. Isitoshe, anayejiandikisha kwa hiari huenda amekwisha kuamua kubadilika, hivyo kumlinganisha na aliyekataa hakutuelezi kama kilichomsaidia ni muziki au ni nia aliyoingia nayo.

Hata hivyo, siwezi kusema sikuona kitu. Kijana mmoja alikuwa akipiga ngoma kwa nguvu na kwa haraka kuliko wenzake, akiuvuruga mdundo kila tulipoanza. Mtaalamu hakumkaripia, alimwambia apige pigo la kwanza tu, kisha ainue mikono na kungoja mpaka zamu yake irudi. Wiki ya tatu mikono ilikuwa ingali ikimtetemeka hewani, lakini ilingoja. Mtu aliyefungwa kwa kosa la hasira hufaidika na zoezi kama hilo, wala halipati katika kwaya ya kuwatumbuiza wageni rasmi siku ya sherehe, ambayo baadhi ya wakuu wa magereza hupenda kuiita tiba.

Ninachoomba ni kwamba wanaofadhili mipango hii waajiri wataalamu waliosomea kazi hiyo, wawafuatilie washiriki kwa miaka miwili au zaidi baada ya kuachiwa, wawalinganishe na wenzao waliojiandikisha lakini wakakosa nafasi, na kuendeleza vipindi uraiani, mahali ambapo hasira hujaribiwa kweli. Yule kijana aliachiwa kabla ya vipindi kwisha. Hapakuwa na daftari lililoandikwa anakokwenda, na mpaka leo hakuna kati yetu anayeweza kusema kama alirudi.

Mwalimu mstaafu wa muziki