Barua ya wazi kwa vijana wa timu yetu ya kimbunga: muulizeni mwenye nyumba kwanza

Wanangu, Bwana asifiwe.

Hili jambo limenikaa rohoni tangu turudi kutoka jimbo la North Carolina, Marekani, na nimeona nisiliseme kwenye kikao cha timu peke yake, niliandike wazi, maana najua kuna makanisa mengine yanapanga safari kama yetu na mambo yanayoharibika huko ni yale yale.

Kazi mlifanya, hilo silikatai. Kimbunga Helene kilitua Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024 kikiwa daraja la 4, halafu kikapanda mpaka milimani, mamia ya kilomita kutoka baharini, ardhi tayari imeshalowa kwa mvua za siku zilizotangulia, mito ikafurika, watu zaidi ya 100 wakafa North Carolina peke yake. Nyie mkaacha kazi zenu na masomo yenu mkaenda kuchota tope la watu msiowajua. Mungu awalipe, nasema kwa moyo wote.

Lakini ile nyumba ya yule bibi kule Swannanoa imeniuma sana. Mlishuka kwenye gari, mkavaa glavu, mkaanza kubeba. Ndani ya muda mfupi sebule yote ilikuwa barabarani, rundo limefika kifuani, mnapigana makofi ya pongezi. Bibi mwenyewe kasimama pembeni ya mti na koti lake, hakuna aliyemsalimia, hakuna aliyemwambia hata sisi ni nani tumetoka wapi. Baadaye nikamuona anafukua lile rundo kwa mikono mitupu, misumari na vioo vimejaa mle ndani, anatafuta kopo la biskuti. Kopo likapatikana limebonyea chini ya godoro, ndani yake barua za marehemu mume wake zimegandana kwa tope. Na mmoja wenu, sitamtaja, akamwambia "bibi, hizo hazifai tena."

Nani alikupa wewe mamlaka ya kusema hazifai?

Karatasi iliyolowa inaweza kupona jamani. Unaisuuza tope taratibu kwa maji safi kama wino hautoki, unaianika ndani penye hewa mbali na jua kali, na kama hamna muda inafungwa kwenye mfuko na kuwekwa kwenye friza ili ukungu usianze, itashughulikiwa baadaye. Picha za zamani pia hivyo hivyo. Ila hata kama haiponi, anayeamua kutupa ni mwenye nyumba, siyo mgeni aliyekuja na basi la kanisa. Mtu aliyepoteza kila kitu kwa maji halafu mnakuja kumalizia kilichobaki bila kumuuliza, huyo mmemsaidia au mmemuibia? Muwe mnaweka turubai pembeni, kila kitu chenye mwandiko, picha, jina au dhahabu kinakaa pale mpaka mwenyewe akiangalie, na mtu mmoja kazi yake iwe kukaa na mwenye nyumba tu, amsikilize, hata kama anarudia habari ile ile tangu asubuhi. Mnadhani huyo hafanyi kazi kwa sababu hashiki beleshi. Huyo ndiye anafanya kazi ya kanisa.

Na picha. Mlipiga selfi mbele ya rundo la bibi wa watu, mkaposti na maandiko chini. Aibu niliyoisikia! Picha za kupiga ni alama ya maji ukutani, friji na namba yake ya kiwandani, kila chumba kabla hakijaguswa, na mnampa yeye mwenyewe, maana hizo ndizo zitamsaidia kwa watu wa bima na FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani. Wengi kule hawana hata bima ya mafuriko, na bima ya kawaida ya nyumba mafuriko hailipi, kwa hiyo ushahidi mnaoutupa barabarani ni hela yake.

Hapo hapo nikamsikia mwingine anawaambia watu wasijiandikishe FEMA, eti wanapewa dola 750 tu na ni mkopo watanyang'anywa nyumba. Uongo. Hizo 750 zilikuwa za mahitaji ya haraka ya mwanzo, haikuwa mkopo, na misaada mingine iliombwa mbali na hapo. Mmevaa fulana yenye jina la kanisa, mkiongea uongo kanisa ndio limeongea.

Mengine nayataja tu. Barakoa ya N95 haivuliwi ndani ya nyumba yenye ukungu. Jipsamu inakatwa kupita alama ya maji na ukuta usifungwe mpaka mbao zikauke kabisa. Jenereta haiwashwi ndani wala kwenye gereji, inaua kimya kimya. Klorini haichanganywi na amonia. Rangi na kemikali rundo lake, friji na majiko rundo lake. Andikeni majina yenu na masaa mliyofanya kazi, maana kaunti, yaani serikali ya eneo, inaweza kuyahesabu kama sehemu ya mchango wake wa gharama za maafa. Na nendeni na maji yenu na chakula chenu, mji wa Asheville mabomba hayakutoa maji salama ya kunywa mpaka tarehe 18 Novemba 2024, sasa wewe unaenda kupanga foleni ya chupa za maji na waliofurikiwa?

Na sisi wazee na wachungaji tusikilize pia. Tunapenda safari ya wiki ya kwanza, TV zikiwepo, tunatangaza madhabahuni tumepeleka watu wangapi, tunakusanya nguo chakavu ambazo hakuna aliyeziomba na wenyeji wanabaki kutafuta pa kuzirundika. Miezi sita baadaye mtu anahitaji fundi wa umeme na mikono ya kupachika jipsamu, hakuna kanisa linalopiga simu. Wamennonite wana huduma yao ya maafa, wanabaki wakijenga muda mrefu baada ya wengine kuondoka. Tujifunze kwao bila kuona haya.

Safari ya kujenga ipo, na hii itakuwa ndefu na haina wa kuipigia makofi. Anayetaka kwenda ampe katibu jina lake na aseme anajua kazi gani, useremala, rangi, kupika, au kukaa na wazee. Simu zitabaki kwenye gari.