Ukarabati wa jengo uwe na mwenye kuwajibika

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalonisumbua kila ninapoliona jengo la zamani mjini limezungushiwa mabati kwa ukarabati: wahusika ni wengi, lakini ukiuliza nani atawajibika maafa yakitokea, kila mmoja anamwonyesha mwenzake.

Mwaka 2016 ulikamilika ukarabati wa jengo la Grenfell jijini London, lenye ghorofa 24, ambalo kuta zake za nje zilivishwa paneli zenye plastiki inayowaka. Juni 14, 2017 moto ulioanzia katika jiko la nyumba moja ndani ya jengo hilo ulipanda kupitia paneli hizo, na watu 72 wakapoteza maisha. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Septemba 2024 ilibainisha kwamba waliohusika kuchagua vifaa hivyo walidhani jukumu la kuhakikisha usalama wake ni la mtu mwingine. Wapo wakazi waliokuwa wamelalamikia usalama wa moto kabla ya siku ile, wala hawakusikilizwa ipasavyo.

Ukarabati, kwa maoni yangu, unahitaji uangalifu kuliko ujenzi mpya, kwa kuwa nondo zilizoliwa na kutu, nyaya chakavu na kuta zilizowahi kubomolewa bila michoro kurekebishwa huonekana tu kazi ikishaanza, mara nyingi watu wakiwa bado wanaishi humo. Kwa hiyo mwenye jengo agharamie ukaguzi wa kihandisi kabla ya kutangaza zabuni, naye mhandisi msimamizi apewe kwa maandishi mamlaka ya kusimamisha kazi, hata kama mwenye jengo ana haraka ya kukusanya kodi. Mkandarasi asibadilishe kifaa kwa kingine cha bei nafuu bila idhini iliyosainiwa na msanifu na mhandisi. Halmashauri nayo isiishie kugonga muhuri kwenye kibali, bali mkaguzi wake arudi kuta zinapofunguliwa.

Wapangaji ndio wanaosahaulika zaidi, ingawa wao ndio wanaojua bomba gani huvuja, ufa upi unazidi kupanuka na ngazi ipi imezibwa kwa mifuko ya saruji. Napendekeza wawe na wawakilishi katika vikao vya mradi tangu mwanzo, na kila lalamiko lao liandikwe, lipewe jina la mtu wa kulijibu pamoja na tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo.

Wako,
Msomaji na mpangaji